Je, Wote Wamefika Pwani?

Somo: Matendo ya Mitume 27:21–44

Kwenu ninyi mlio Kakamega, tangu Lurambi na Shinyalu mpaka Butere na Lugari, nasema mulembe. Natumaini ng'ombe wamekwisha kukamuliwa, chai iko mezani, na watoto wameketi karibu. Leo nataka tuzungumze habari ya safari ambayo makanisa yetu huipanga shule zinapofungwa. Ni safari ya vijana kwenda kupiga kambi baharini mwisho wa juma.

Mnajua jinsi mambo haya yanavyoanza. Vijana huleta ombi lao kwa wazee wa kanisa. Huchanga shilingi kidogo kidogo, huimba katika harambee, huuza mahindi ya kuchoma. Huazima mahema hapa na pale, na sufuria kubwa kutoka kwa akina mama. Kisha siku huwadia. Safari ni ndefu, zaidi ya kilomita 800. Kakamega iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na basi hupita Nakuru, hupita Nairobi, huteremka Mtito Andei na Voi, mpaka Mombasa. Tangu mwaka 2017 wengine hushuka Nairobi na kupanda treni mpya. Wengine hufikia Kanamai, kituo cha Baraza la Kitaifa la Makanisa Kenya kilicho ufukoni, kaskazini ya Mombasa. Wengine hupewa uwanja na kanisa la huko, wakapiga mahema yao karibu na mivinje.

Kwa mtoto aliyekulia kando ya msitu wa Kakamega, kuiona bahari mara ya kwanza ni jambo kubwa. Ameyaona maji ya Isiukhu na Yala yakishuka magharibi kwenda Ziwa Victoria. Amesoma habari za Yona na za Bahari ya Shamu. Sasa anasimama mbele ya maji yasiyo na ng'ambo. Anachovya kidole, anaonja, na kumbe ni kweli, ni chumvi. Wengine hucheka, wengine hunyamaza kimya. Mimi naona ni vema vijana waende. Mwenye Zaburi ya 104 alipoitazama bahari na wingi wa viumbe vyake, moyo wake ulimgeukia Muumba.

Lakini kabla ya siku hiyo kuna jioni moja ambayo si rahisi. Ni jioni ile barua ya ruhusa inapoletwa nyumbani, mzazi atie sahihi yake. Mama anaisoma mara mbili. Anasema, "Mwanangu hajui kuogelea. Hata mtoni namkataza. Sasa nimpeleke baharini?" Na mzee wa kanisa aliyekuja kuwatembelea anamjibu kwa upole, "Mama, tuwe na imani. Hii ni safari ya kanisa. Mungu atawalinda." Mama ananyamaza, kwa sababu hataki kuonekana mtu asiye na imani. Anatia sahihi. Lakini moyo wake haujatulia.

Ndugu msikilizaji, ni nani aliye na haki kati ya hawa wawili? Je, hofu ya mama ni upungufu wa imani? Na neno la mzee, je, ni imani kamili? Katika Agano Jipya tunayo habari ya watu wengi walio hatarini baharini, na ndani yake iko ahadi ya Mungu. Tuisikilize habari hiyo polepole.

Mtume Paulo alikuwa mfungwa, akipelekwa Rumi chini ya ulinzi wa akida mmoja jina lake Yulio. Wakati wa mwaka haukuwa mzuri kwa kusafiri. Paulo aliwaonya. Naye hakuwa mtu asiyeijua bahari, maana katika waraka wa pili kwa Wakorintho anatuambia kwamba alikuwa amevunjikiwa na jahazi mara 3, na mara moja alikaa majini usiku na mchana. Hawakumsikiliza. Dhoruba ikawashika. Jua halikuonekana, wala nyota, kwa siku nyingi, hata tumaini likawatoka.

Ndipo Paulo akasimama katikati yao, akawaambia kwamba malaika wa Mungu amemjia usiku. Merikebu itapotea, lakini hata mtu mmoja hatapotea. Hiyo ndiyo ahadi. Ilikuwa ahadi wazi, isiyo na shaka, kutoka kwa Mungu mwenyewe.

Sasa angalia jambo lililofuata, maana ndilo neno langu la leo. Mtu angedhani kwamba baada ya ahadi kama hiyo, Paulo angelala usingizi. Mungu amesema hatapotea hata mmoja, basi kazi imekwisha. Lakini haikuwa hivyo. Usiku wa 14 mabaharia walihisi kwamba nchi kavu i karibu. Wakateremsha bildi kupima kina cha maji, mara ya kwanza, kisha mara ya pili. Wakatupa nanga 4. Halafu wakateremsha ile mashua ndogo, wakijifanya kwamba wanakwenda kutia nanga za mbele. Kwa kweli walitaka kukimbia na kuwaacha abiria. Paulo akaliona hilo. Akamwambia akida na askari kwamba watu hawa wasipobaki merikebuni, ninyi hamtaokoka. Askari wakakata kamba, na mashua ikaanguka baharini.

Mnaona, wapenzi? Ni Paulo yule yule aliyesema kwamba hatapotea mtu. Ni yeye anayesema sasa kwamba wajuzi wa bahari wakiondoka, watu watapotea. Hapo hakuna kupingana. Ahadi ya Mungu ilikuwa kweli, na Mungu alitaka kuitimiza kwa mikono ya mabaharia waliobaki mahali pao. Paulo hakuifanya ahadi kuwa mto wa kulalia. Aliifanya kuwa sababu ya kukesha.

Kulipokucha akawasihi wale chakula, maana walikuwa wamekaa siku nyingi bila kula vema. Akatwaa mkate, akamshukuru Mungu mbele ya wote, akaanza kula. Wengine wakachangamka, wakala. Na hapo hapo Luka, mwandishi wetu, anaweka hesabu. Anasema waliokuwa merikebuni walikuwa watu 276. Si "umati", si "watu kama mia tatu". Ni 276. Katikati ya dhoruba kulikuwa na mtu aliyejua hesabu kamili ya roho zilizokuwa chomboni.

Merikebu ikakwama mchangani, nyuma ikavunjwa na mawimbi. Wenye kujua kuogelea wakaamriwa wajitupe kwanza. Wengine wakashika mbao, na wengine vipande vya merikebu. Hivyo ndivyo wote walivyofika pwani ya kisiwa cha Melita, tukiitacho leo Malta. Wafungwa na askari, wenye kuogelea na wasiojua, wote.

Sasa turudi kwa mama na mzee wa kanisa. Mama alikuwa na haki kuuliza. Hofu yake ilikuwa kama ile bildi ya mabaharia, ilikuwa inapima kina. Na mzee alisema neno la kweli, lakini alilisema mapema mno, akaliacha bila miguu. Mama alistahili kusikia zaidi. Alistahili kuambiwa ni nani atakayewahesabu watoto, ni nani aijuaye bahari atakayekuwa pamoja nao, na yule asiyejua kuogelea atashika ubao gani. Shetani alipomwambia Bwana Yesu ajitupe kutoka kinara cha hekalu, alitumia ahadi ya Mungu. Bwana alikataa kumjaribu Baba yake. Basi nasi tusiwapeleke watoto wa watu majini bila matayarisho, kisha tukaiita hiyo imani.

Tufikirie basi kambi yetu, na kazi ambazo imani hutupa huko.

Kazi ya kwanza ni kuhesabu. Wahesabuni vijana wanapopanda basi Kakamega. Wahesabuni kila basi linaposimama, maana kituo cha usiku kina watu wengi na mabasi yafananayo. Wahesabuni wanapoingia majini, na kila baada ya nusu saa kwa filimbi, na wanapotoka, na kabla ya kulala. Tena msihesabu vichwa tu, iteni majina. Hesabu ya vichwa huweza kudanganya. Watoto wa wenyeji hupenda kucheza na wageni, na mmoja wao akisimama katika mstari wenu, mtapata 40 mkafurahi, kumbe wa kwenu ni 39. Jina halidanganyi. Katika Yohana sura ya 10 Bwana anatufundisha kwamba mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina. Andikeni majina katika karatasi 2, moja mkononi mwa kiongozi na moja ibaki kanisani nyumbani.

Kazi hii haina sifa. Anayeongoza nyimbo husifiwa, anayehubiri husifiwa, lakini anayesimama juani na karatasi huku wenzake wanaoga, vijana humwona mtu wa kuwakatizia raha. Mheshimuni huyo. Yeye ndiye Luka wenu.

Kazi ya pili ni kuwashika wanaoijua bahari wasiwaache. Kijana wetu amezoea mto. Mto una njia moja, unakwenda wala haurudi. Bahari huenda na kurudi. Mara 2 kwa siku maji hujaa, na mara 2 hupwa. Kutoka kujaa mpaka kupwa ni saa 6 na dakika kidogo. Kila siku wakati huo husogea mbele kwa muda wa dakika 50 hivi, kwa hiyo saa iliyokuwa salama Ijumaa si ile ile Jumapili. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na hapo maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Katikati yake huwa maji mafu, ambayo hayapandi sana.

Kwa nini naeleza mambo haya katika ibada? Kwa sababu katika pwani ile maji yakipwa, mchanga na mawe hufunuka mbali sana kuelekea mwamba, pale mawimbi yanapovunjika meupe. Vijana huvutwa. Huenda wakitazama kaa na viti vya pweza, wakiokota makombe, na miguu yao haifiki hata magotini majini. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Huingia kimya kwa njia za chini, yakajaza mabonde yaliyo nyuma yao. Wanapogeuka, mahali walipopita pakavu sasa panafika kiunoni, na mkondo unavuta. Mtoto wa Kakamega hawezi kulijua hilo kwa akili zake. Lakini mvuvi wa pale analijua tangu utoto.

Basi mfikapo, kabla ya kufungua mahema, nendeni kwa wazee wa pale. Waamkieni kwa heshima, ulizeni. Watawaambia maji yanajaa saa ngapi leo. Watawaonyesha mlango wa mwamba ambamo maji hutoka kwa nguvu, msikaribie. Watawaambia kwamba mtu akishikwa na mkondo asishindane nao, bali aelee, aite msaada, na aogelee kando sambamba na ufuko mpaka atoke ndani yake. Watawaambia kwamba mwezi wa Agosti pepo za kusi huichafua bahari, na kwamba kaskazi ya Desemba na Januari ina utulivu zaidi. Mahali pa hema pia waulizeni. Mstari wa mwani mkavu uliolala mchangani waonyesha maji yalifika wapi jana, lakini siku za bamvua zikija maji hupita hapo. Chini ya mnazi msilale, nazi huanguka bila kubisha hodi. Na vigingi vya kwetu havishiki mchangani, afadhali kufunga kamba katika mifuko iliyojazwa mchanga na kufukiwa.

Pengine mvuvi huyo anatoka msikitini. Msiache kumwuliza kwa sababu hiyo. Watu wa Melita hawakuwa wa imani ya Paulo, lakini waliwawashia moto wageni wote 276, kwa kuwa kulikuwa na mvua na baridi. Luka aliuandika wema wao, na mpaka leo twausoma kanisani.

Kazi ya tatu ni kumtafutia kila mtu ubao wake. Vijana wengi wa kwetu hawajui kuogelea. Hilo si dhambi, wala si aibu. Neno la Mungu halimlaumu mtu hata mmoja aliyefika Melita kwa kushika kipande cha mti. Hatari kubwa si kutojua, ni kuficha. Kijana wa miaka 17 huona haya mbele ya wenzake, hasa mbele ya wasichana, akasema anajua. Huingia mpaka kifuani. Wimbi moja linamwondoa chini, na hapigi kelele, maana mtu anayezama mara nyingi hana pumzi ya kupiga kelele. Basi ulizeni swali hilo nyumbani, kwa faragha, mmoja mmoja. Asiyejua na aoge pasipozidi kiuno, akiwa na mwenzake anayemjua kwa jina, naye mwangalizi akiwa karibu na boya au kamba. Wawekeni wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi wake. Yeyote atakayecheka anayeshika boya, mwambieni asome Matendo sura ya 27.

Kazi ya nne ni ya viongozi peke yao. Wale mabaharia walikuwa na sababu nzuri midomoni. Walisema wanakwenda kutia nanga. Kiongozi anayewaacha vijana majini huwa na sababu nzuri pia. Anakwenda kununua mkate. Anakwenda kuzungumza na simu mahali palipo kimya. Anakwenda kutayarisha hotuba ya jioni. Ndugu kiongozi, wakati watoto wa watu wako majini, kata kamba ya mashua yako. Mkate utanunuliwa baadaye.

Wasikilizaji wapenzi, nchi yetu inalo kumbukumbu moja chungu juu ya jambo hili. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe kilipinduka huko Mombasa, karibu kabisa na nchi kavu. Kilikuwa kimeruhusiwa kuchukua abiria 300, lakini siku ile kilibeba zaidi ya 400. Watu 272 walikufa. Walikuwa watu wa kawaida, wengi wao wakienda kazini asubuhi. Sisemi haya ili kuwahukumu waliokufa, wala kufungua jeraha la waliobaki. Nasema tuzitazame hesabu hizi 2 kwa utulivu. Katika merikebu ya Paulo walikuwamo 276, chombo kikavunjika kabisa katika dhoruba, wote wakafika. Mtongwe haikuwa dhoruba, ng'ambo ilionekana kwa macho, na 272 hawakufika. Hatuwezi kusema kwamba Mungu aliwapenda wale kuliko hawa. Lakini twaweza kusema kwamba hesabu ya watu si jambo dogo. Mahali ambapo wanadamu hawahesabiwi, wanadamu hupotea.

Na sasa niseme neno moja kwetu tusiokwenda baharini kabisa, tutakaobaki na mahindi yetu na ng'ombe wetu. Kambi huisha Jumapili. Asubuhi hiyo vijana huketi ufukoni, husoma Neno, humshukuru Mungu mbele ya wote kama Paulo alivyofanya kulipokucha, hula mkate na chai. Halafu hukunja mahema, huitwa majina, hurudi. Huku nyumbani huwapokea kwa nyimbo. Tunasema, "Bwana asifiwe, wote wamerudi."

Lakini je, baada ya mwezi mmoja tutakuwa tungali tunahesabu? Katika kila ushirika kulikuwa na kijana aliyepiga ngoma vizuri, na sasa haonekani. Yuko aliyemaliza shule na kukosa karo ya chuo, akakaa nyumbani mpaka akaona haya kuja kanisani kwa nguo zile zile. Yuko aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi, na hakuna anayejua anakaa mtaa gani. Yuko anayeendesha bodaboda mchana, na usiku yuko kwenye chang'aa. Yuko msichana aliyepata mimba akaacha kwaya, na benchi lake likakaliwa na mwingine upesi, kana kwamba hakuwahi kuwapo. Hao nao waliingia majini yalipokuwa yamepwa. Walidhani ni mchanga tu. Maji yakaja kwa nyuma.

Sisi husema, "Mungu atamrudisha." Ni kweli, Mungu aweza. Lakini nani ana karatasi ya majina? Nani ameona kwamba leo tuko 39? Mchungaji wa Luka sura ya 15 alikuwa na kondoo 100. Asingejua kamwe kwamba mmoja amepotea kama asingehesabu jioni ile. Kabla ya kutembea usiku na taa, kabla ya kumbeba mabegani, kabla ya furaha na majirani, kulikuwa na kazi hii ndogo isiyo na sifa. Alihesabu, akakuta 99, wala hakujiambia kwamba 99 wanatosha.

Nanyi mnaojua kuogelea, yaani mliosoma, mlio na kazi, mlio na ndoa zenye amani, kumbukeni kwamba walioamriwa kujitupa kwanza walifika pwani mapema. Hatudhani kwamba waligeuka na kwenda zao huku wengine wakihangaika na mbao zao katika mawimbi. Aliyetangulia pwani ana mikono mitupu ya kumvuta mwenzake. Ubao wa kijana mmoja ni karo ya muhula. Ubao wa mwingine ni kufundishwa ushonaji au useremala. Ubao wa msichana yule ni mama mmoja wa kanisa atakayemtembelea, aketi naye, ambebe mtoto, asimwulize maswali. Ubao wa aliye Nairobi pengine ni simu tu, siku ya Jumamosi jioni, na sauti ya kwao ikimwita kwa jina lake la nyumbani. Si mashua nzuri. Ni vipande vya merikebu iliyovunjika. Lakini watu hufika navyo.

Ndugu yangu, dada yangu, labda wewe unayenisikiliza ndiwe uliye majini sasa, na unadhani hakuna aliyegundua kwamba haupo. Yuko aliyegundua. Usiku ule aliokamatwa bustanini, Bwana Yesu aliwaombea wanafunzi wake njia ya kuondoka, ili neno lake litimie kwamba katika wale aliopewa na Baba hakumpoteza hata mmoja. Askari wakiwa na mienge na silaha mbele yake, yeye alikuwa akiwahesabu walio wake. Jina lako limo katika hesabu hiyo. Shika ubao ulio karibu nawe, usione haya, uje pwani.

Na ninyi wazee wa kanisa na viongozi wa vijana mnaotayarisha safari, mtakapopeleka barua ya ruhusa, mwambieni mzazi mambo mawili. Mwambieni kwamba Mungu ni mwaminifu. Kisha mwonyesheni karatasi ya majina.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, uliyeiwekea bahari mpaka wake, twakushukuru kwa watoto uliotupa. Twawakumbuka mbele zako vijana watakaosafiri, madereva watakaowabeba, na wenyeji watakaowapokea. Twawakumbuka waliofiwa majini, uwafariji. Utupe imani inayokesha. Utufundishe kuhesabu kama wewe uhesabuvyo, na kumwona aliye mmoja. Wale waliotuponyoka tukiwa tumelala, utusaidie kuwaita kwa majina mpaka wote wafike. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.